Daktari anataka nipungue kwanza ndipo anipasue tumbo, nami nimechoka kusubiri

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nakaa Mbagala, nina duka la madera na mitandio Kariakoo. Nimeolewa, tuna watoto watatu: binti wa miaka 11, na mapacha wa kiume waliotimiza minne mwezi wa tatu. Mapacha walizaliwa kwa operesheni. Mmoja alikuwa na kilo mbili na nusu, mwenzake karibu kilo tatu, kwa hiyo nilibeba mzigo hasa. Tangu hapo tumbo langu halijarudi.

Mama yangu alitoka Tanga kuja kunikanda na kunifunga mkaja. Kwa sababu ya mshono manesi walimwambia asikaze, akawa ananifunga kwa kulegeza. Mpaka leo analaumu mkaja ule. Nikiinuka kitandani, juu ya kitovu panatuna kama andazi. Kitovu chenyewe kimetokeza nje, na chini yake ngozi imelala mpaka karibu na mapaja. Wakati wa joto ndani ya mkunjo panachubuka, natia poda na kuweka kipande cha khanga kuukuu pasilowe.

Kilichonipeleka kwa daktari ni jambo la kwenye daladala. Mwezi wa kwanza nilipanda asubuhi kwenda dukani, gari limejaa. Konda akapaza sauti: "Mpisheni mama mjamzito hapo!" Kijana akasimama. Ningesema nini, mama? Nilikaa. Nikaweka mkono juu ya tumbo kama wafanyavyo wenye mimba. Mama wa jirani akaniuliza nimebakiza miezi mingapi. Nikamjibu, "Miwili." Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Nikaenda hospitali moja binafsi kwa daktari wa upasuaji, anikate ngozi iliyozidi na kunikaza tumbo. Akanipima: kilo 92, urefu sentimita 162. Akanishika tumbo, akaandika, akasema nishuke hadi kilo 78, nikae hapo miezi isiyopungua mitatu, ndipo nirudi. Hakuchukua hata dakika kumi. Nililia kwenye bajaji njia nzima. Niliona amenifukuza kwa unene wangu.

Hata hivyo nimejitahidi. Sasa ni mwezi wa nane, niko kilo 84, na wiki sita hizi mzani haujasogea. Nakula mara moja kwa siku, mara nyingi supu ya kabichi. Usiku nakunywa majani ya chai ya kupunguza mwili, na kila asubuhi nalala chini na kuinuka mara mia moja kukaza tumbo. Nywele zinakatika, na juzi nilishikwa na kizunguzungu nikitundika madera. Kinachoniuma zaidi, jinsi ninavyopungua ndivyo tumbo linavyoning'inia. Uso umekonda hadi shoga yangu ameniuliza kama naumwa, lakini tumbo lipo palepale na limekuwa baya kuliko mwanzo.

Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na sare zimeshakatwa. Hela ninayo, nimepokea mchezo na nilikuwa na akiba yangu ya kikoba. Kuna dada anapeleka watu Istanbul, Uturuki, wakafanyiwe upasuaji huo, siku kumi kwenda na kurudi. Nilimtumia picha, akasema nafaa, hakuuliza hata uzito. Shoga yangu naye anauza sindano ya kila wiki ya kupunguza mwili.

Mume wangu husema, "Umenizalia watoto, mimi sijalalamika, na Mungu akijalia tutaongeza mmoja." Habari ya hela na Istanbul haijui. Wifi yangu anasema mtu akiweza kupungua mwenyewe, ya nini tena kukatwa? Na mimi najiuliza vilevile: kama ningeweza kupungua, ningemfuata daktari wa nini? Niendelee kujitesa hadi lini, au niende kwa wanaonikubali nilivyo? Natumia vidonge vya majira, sina ugonjwa mwingine ninaoujua.

Mama Mapacha, Dar es Salaam

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari ya daladala, na pole zaidi kwa ile ya bajaji.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba tumbo linalokuuma na kukuaibisha, daktari amekupa namba ya kufikia, na umejiwekea tarehe ya harusi. Namba na tarehe havikutani, na wewe uko katikati unajinyima chakula ili vikutane. Huku kuna mlango mwingine uko wazi Istanbul, usioulizia mzani. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, kwa hiyo mengine nitakujibu kama nesi na mengine kama mama.

Nianze na ile namba, maana umeichukua kama tusi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Jibu lake ndilo wanaloliita BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Siku ile ulikuwa 35. Leo uko 32. Ukifika kilo 78 utakuwa chini ya 30 kidogo tu. Madaktari wengi wa upasuaji huu hupenda mtu awe chini ya 30, na wengi wao humrudisha aliyefika 35. Kwa hiyo 78 hakuitoa hewani. Ni mstari ule wa 30 ameupigia hesabu kwa urefu wako.

Mstari una sababu zake. Kidonda cha mtu mwenye mafuta mengi hupitisha damu kidogo, hupata wadudu kwa urahisi, na huachia katikati. Maji hujikusanya chini ya ngozi. Damu huweza kuganda kwenye miguu na donge likapanda hadi mapafuni, na hilo ndilo tunaloliogopa kuliko yote, kwa sababu huua ghafla. Halafu kuna mafuta usiyoweza kuyashika kwa vidole, yaliyo ndani kabisa yakizunguka utumbo. Kisu cha upasuaji huu hakiyafikii. Daktari akivuta misuli na kuishona juu ya tumbo lililojaa ndani, ni kama kufunga zipu ya begi lililozidi nguo: kupumua kunakuwa kwa shida, mshono unavutwa, na baada ya muda tumbo linatokeza tena. Mafuta hayo ya ndani huondoka kwa kupungua tu.

Haya yote alipaswa kukueleza yeye, na dakika kumi hazikutosha. Una haki ya kurudi na maswali yako yameandikwa kwenye karatasi. Lakini jiulize taratibu, kweli alikufukuza? Mtu anayefukuzwa hapewi namba na miezi ya kurudi.

Sasa swali lenu wewe na wifi: mtu akiweza kupungua, kisu cha nini? Hapa nadhani mmechanganya vitu viwili. Upasuaji huu hautibu unene. Huondoa ngozi iliyozidi na mafuta yaliyo chini yake, na hukaza misuli iliyoachana. Atakayelala kitandani na kilo 84 hataamka na 70. Kwa upande mwingine, ngozi iliyovutwa na mapacha wawili, pamoja na misuli iliyopanuka, haviwezi kurudishwa na supu ya kabichi hata ukifika kilo 60. Kwa hiyo wifi yako ana ukweli kuhusu uzito, na wewe una ukweli kuhusu tumbo.

Lile andazi juu ya kitovu limenifanya nisimame. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa tu kama mtu anayetazama vidole vya miguu, kisha bonyeza kwa vidole katikati ya tumbo kuanzia juu kushuka. Vidole viwili au zaidi vikizama kati ya kingo mbili ngumu, huenda misuli yako imeachana. Mama yako asijilaumu kwa ule mkaja. Mkaja hushikilia na kumpa mzazi nafuu ya mgongo, lakini mapacha wa uzito ule wangeiachanisha misuli hata kama angekaza kwa meno. Hayo mazoezi ya kulala na kuinuka mara mia yasitishe kwanza, kwa sababu kwa misuli iliyoachana huweza kusukuma tumbo nje zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakufundisha ya taratibu, ya pumzi na misuli ya ndani. Yapo yanayosaidia kweli, ingawa ngozi hayaigusi.

Na kitovu kilichotokeza, je, daktari alikipima? Kinaweza kuwa ngiri. Kama ni ngiri, mazungumzo yanabadilika, maana hiyo ni tiba na si urembo tena. Siku yoyote kikiwa kigumu, kikauma, ukatapika, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Kuhusu tumbo kuning'inia zaidi kadiri unavyopungua, najua kwenye kioo linaonekana kama adhabu. Mbele ya daktari ni habari nyingine. Mafuta yakitoka ngozi hubaki tupu, na ngozi tupu ndiyo anayoweza kuivuta na kuikata vizuri. Angekupasua ukiwa na kilo 92, kisha ukapungua baadaye, ungebaki na kovu la nyonga hadi nyonga na ngozi imelegea tena juu yake. Ndiyo maana anataka utulie miezi kadhaa kwenye uzito mmoja.

Lakini jinsi unavyopungua, mwanangu, hiyo inanitisha. Majani mengi ya chai ya kupunguza mwili yana sanamaki ndani yake. Sanamaki inakuharisha. Inatoa maji na choo, mafuta yanabaki, na mwili unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji kupiga sawasawa. Mtaalamu wa usingizi hapendi kabisa kumlaza mtu wa namna hiyo mezani. Nywele kukatika na kizunguzungu ni mwili kukuambia umepungukiwa, huenda damu, huenda protini. Kidonda cha nyonga hadi nyonga kinajengwa kwa protini. Ukifika 78 ukiwa umedhoofu, utakuwa umetimiza namba na kuharibu shabaha yake.

Pima damu wiki hii, pamoja na sukari. Chai ile mwaga. Asubuhi kula kabla hujafungua duka: mayai mawili, au maharage yaliyobaki jana, na tunda. Mchana Kariakoo hakukosi samaki wa kukaanga na mboga za majani. Omba kipande cha samaki kikubwa na ugali wa ukubwa wa ngumi yako. Usiku dagaa au dengu, maziwa ya mgando ukipenda. Soda na juisi za sukari ziache, na ukirudi jioni shuka vituo viwili kabla ya nyumbani utembee. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Mzani kukwama wiki sita baada ya kushusha kilo nane kwa njaa si uvivu wako, ni mwili unabana matumizi. Na kilo nane hizo nakupongeza nazo, hata kama njia yake siipendi.

Sindano ya shoga yako. Ipo dawa halali ya kundi hilo, semaglutaidi, iliyotengenezwa kwanza kwa wenye kisukari, na huwapunguza watu kweli. Daktari anaweza kukuandikia akiona inakufaa. Ila mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizonaswa katika nchi kadhaa. Dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi kabla ya kufunguliwa, sasa hiyo inayotembea kwenye pochi kwa jua la Dar es Salaam, sijui kilichomo ni nini. Na hata ikiwa ya kweli, huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo anayekulaza usingizi lazima ajue, usije ukatapika ukiwa umelala kikaingia mapafuni. Vidonge vya majira navyo vitaje kwake, maana vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na huenda akataka ubadilishe njia kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu Istanbul sitakudanganya kwamba huko hakuna madaktari wazuri, wapo. Ninachouliza ni kwa nini dada yule hakuuliza uzito. Wewe umeona ni kukubaliwa. Inaweza pia kuwa ni mtu ambaye kazi yake inaisha ukishapanda ndege. Jina la daktari atakayekukata unalijua? Nani atakuchunguza kabla? Siku kumi baada ya kisu bado hujanyooka vizuri, huenda mrija wa kutoa maji ndio kwanza umetolewa, kisha ukae saa saba hivi angani miguu imekunjwa, wakati ambao damu inapenda kuganda. Na ukifika Mbagala mshono ukafunguka usiku, utampigia nani? Kama bado unavutwa na njia hiyo, yapate kwanza majibu ya haya kwa maandishi. Hapa nyumbani pia wapo wanaofanya. Kwenda kwa daktari wa pili kusikia maoni yake, ukiwa na kilo 84 hizo hizo, si kumsaliti wa kwanza. Hakikisha tu jina lake lipo kwenye daftari la Baraza la Madaktari na kwamba fani yake ni hiyo ya upasuaji wa plastiki.

Sasa tuhesabu pamoja. Kutoka 84 hadi 78 kwa nusu kilo ni wiki 12, hiyo inakufikisha mwezi wa kumi na moja. Ongeza miezi mitatu ya kutulia, ni mwezi wa pili mwakani. Harusi imeshapita. Na tuseme umepata wa kukupasua mwezi wa kumi na moja: kwenye harusi utakuwa umevaa mkanda wa kubana usiku na mchana, tumbo bado limevimba, huruhusiwi kuinua kitu kizito kwa wiki sita, si robota la madera wala pacha anayelia. Kovu litakuwa jekundu na gumu. Ngozi zetu nyingine hutoa makovu yanayovimba, kwa hiyo litazame lile la operesheni ya mapacha lilivyopona, ndiyo dokezo lako. Kwa kawaida lile la zamani huondoka na ngozi inayokatwa, na jipya hukaa chini kwenye mstari wa chupi. Sisemi usitamani kupendeza kwa mdogo wako. Nasema tarehe ile uliiweka wewe, na unaweza kuiondoa wewe. Sare inaweza kushonwa ikakaa vizuri juu ya mkanda wa kawaida wa kushikilia tumbo, na fundi mzuri wa dera unamjua kuliko mimi. Mchubuko ule chini ya mkunjo nao uonyeshe hospitali. Mara nyingi huwa ni fangasi, dawa ya kupaka huituliza, usiishi nao ukingoja kisu.

Kuna sentensi moja umeipitia haraka: "Mungu akijalia tutaongeza mmoja." Mimba baada ya upasuaji huu hubebeka, lakini hupanua tena ngozi na misuli iliyoshonwa, na ndiyo maana madaktari hushauri mama amalize kuzaa kwanza. Mume wako anawaza mtoto wa nne. Wewe unakunywa vidonge na umeweka hela ya kukaza tumbo. Sidhani kama mmeshawahi kukaa mkaongea haya, na hapa hakuna mzani wala daktari wa kuwasaidia.

Pengine utaamua kusubiri, au kubaki na tumbo lako ukilitunza kwa mazoezi na mkanda, au kufika 78 na kurudi kwa yule wa dakika kumi na karatasi yako ya maswali. Yote hayo wanawake niliowahudumia waliyafanya, na katika kila njia niliwaona waliofurahi na waliojuta. Siwezi kukuchagulia kutoka huku. Ila hela ya mchezo kumficha mume, kisha kukatwa nchi ya mbali naye akidhani umefuata mzigo wa madera, huo ni upweke mkubwa sana kwa mtu anayetoka kwenye usingizi wa dawa. Siku zile za kwanza utahitaji mtu wa kukuinua kitandani.

Yeye akisema hajalalamika, naamini anakusudia kukupenda. Anajibu jambo moja, wewe unauguza jingine. Hajui kwamba ulikaa kwenye kiti cha mjamzito ukashika tumbo, wala kwamba ulimwambia mtu usiyemjua, "Miwili." Mimi nisiyekujua umeniandikia, yeye hujamwambia. Watoto wakilala leo, mwambie habari ya daladala, yote, hadi kile kituo ulichoshuka kabla ya chako.